Mfuko wa suti kavu: mkono ndio unaochagua mahali

Aliyejifunza kupiga mbizi Pemba au Diani hana habari na mifuko. Anavaa suti ya milimita 3, viganja viko wazi, na vifaa vyote vinaning'inia kwenye jaketi la kuelea. Akifika kwenye ufa wa Silfra, Aislandi, ambako maji hubaki nyuzijoto 2 hadi 4 mwaka mzima, atavaa suti kavu, yaani isiyoruhusu maji kuingia, na glavu nene. Hapo vidole havihisi kitu, na boya la kuashiria, la kuwaonyesha walio juu mahali ulipo, inabidi litoke kwa kupapasa kwenye mfuko uliobandikwa pajani.

Usianze na mfuko, anza na mzigo. Panga mezani boya lililokunjwa, kibiringo chenye uzi wa mita 30, daftari la kuandikia majini, miwani ya akiba na klipu mbili. Kwa kawaida mzigo huo hugawanywa: boya na kibiringo paja moja, vilivyobaki paja la pili. Mfuko wa upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 25 unatosha, mradi ubavuni uwe na mikunjo ya kutanuka sentimita 5 hadi 8. Mfuko bapa hupendeza dukani, lakini ukishaingiza kibiringo hakuna nafasi ya mkono. Kabla ya kulipa, vaa glavu zako mwenyewe, ingiza mkono, shika kitu, kisha utoe ngumi. Ikikwama hapo, majini itakwama zaidi.

Kifuniko cha velkro hufunguka kwa mkono mmoja, ila kijazwe mchanga tu, kitaanza kufunguka chenyewe. Zipu hushika vizuri, lakini chumvi huigandisha na mara nyingi hudai mkono wa pili wa kushikilia mfuko. Kwa paja, velkro pana yenye ulimi wa kuvuta ndiyo bora. Hakikisha chini ya mfuko kuna matundu ya kutolea maji, kwa sababu mfuko usio na tundu unaweza kukupandisha ngazi ya boti na lita 3 za maji, yaani kilo 3 za bure. Ndani pawe na vitanzi viwili vya lastiki. Kila kitu kifungwe kwenye kitanzi kwa klipu, maana ukivuta daftari, miwani isiyofungwa hutoka nalo na kuzama.

Sasa mahali, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kupima suti ikiwa imelazwa mezani. Vaa nguo ya joto ya ndani, suti, mikanda, mtungi na taa. Simama wima, ning'iniza mkono bila kuinamisha bega. Ncha ya kidole cha kati iguse chini ya mfuko, na mdomo wake uwe karibu na kifundo cha mkono. Ukiushusha zaidi utalazimika kukunja mwili ili uufikie, na ukijikunja majini miguu huzama na kutimua tope. Ukiupandisha, mkanda wa kiuno utafunika kifuniko. Mwenye betri ya taa kiunoni upande wa kulia ashushe mfuko wa kulia hadi betri isiuguse. Mifuko miwili si lazima ilingane.

Kwa upana, mfuko ukae ubavuni mwa paja, labda sentimita 2 au 3 kuelekea mbele. Mfuko wa mbele kabisa huning'inia chini ukiwa umelala majini na kukwaruza miamba, na wa nyuma hukunyonga bega. Kisha piga goti: kati ya mfuko na goti pabaki upana wa kiganja. Bandika kwa tepu kipande cha kadibodi chenye ukubwa wa mfuko, jaribu tena, ndipo uchore kwa chaki. Pini usiguse kabisa, wala usishone: kila tundu la sindano ni njia ya maji.

Kubandika kunataka gundi ya neoprini ya sehemu mbili, yaani gundi na kigumishi vinavyochanganywa. Ingiza ubao ndani ya mguu wa suti, safisha eneo kwa alkoholi ya isopropili, na kama mgongo wa mfuko ni wa mpira, ukwaruze kwa msasa. Viringisha pembe za mfuko kwa mkasi, kwani pembe kali ndizo hubanduka kwanza. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha paka tena. Ikishanata bila kushika kidole, shusha mfuko kuanzia ukingo mmoja. Gundi hii haitoi nafasi ya kusogeza. Sukuma hewa itoke kwa roli, weka uzito juu yake, na usiguse maji kabla ya saa 24. Fanya kazi hii nje au dirisha likiwa wazi, mvuke wake ni mkali.

Suti ya neoprini, yaani ya mpira laini wenye povu, ina mtego wake: huvutika, mfuko hauvutiki. Ukiubandika mguu ukiwa mtupu, paja likijaa kingo zitavutwa hadi ziachie. Jaza mguu huo mataulo yaliyoviringishwa hadi ufikie unene wa paja lako, kisha bandika. Na kwenye suti ya aina yoyote, epuka kufunika mshono ukiweza. Siku utakapovuja, fundi atalazimika kung'oa mfuko kwanza ndipo aufikie.