Mwongozaji wa Filamu: Namna ya Kuandaa na Kupiga Onyesho

Kazi ya mwongozaji huanzia kwenye mswada, kabla kamera haijawashwa. Usome mara kadhaa, na katika kila onyesho ujiulize mhusika anataka nini na kitu gani kinamzuia. Ukikosa jibu, zungumza na mwandishi mapema, kwa sababu mwigizaji atakuuliza swali hilohilo mbele ya kikosi kizima.

Siku ya kupiga picha, wafanyishe waigizaji mazoezi mahali penyewe, ndipo upange kamera. Wahusika wawili wanapozungumza, fikiria mstari unaowaunganisha na uiweke kamera upande mmoja tu wa mstari huo. Ukiuvuka, picha zitakapounganishwa wataonekana kana kwamba wanatazama upande mmoja badala ya kutazamana. Mwigizaji usimwoneshe namna ya kutamka maneno yake, kwani ataishia kukuiga (na waongozaji wengi, tukisema kweli, si waigizaji hodari). Mpe jambo la kutenda, kwa mfano kumzuia mgeni asiondoke, na sauti itajirekebisha yenyewe.

Katika nchi zilizo karibu na ikweta, jua la adhuhuri huwa utosini na kutia vivuli machoni, hivyo maonyesho ya nje yapangwe asubuhi au alasiri. Kabla ya kuhama mahali, waombe wote wanyamaze kwa nusu dakika ili fundi sauti arekodi ukimya wa hapo, kwa kuwa mhariri atauhitaji kuziba mapengo baina ya mazungumzo.