SOMO: Laptop ya kazi nzito za fedha (na muvi kidogo jioni), unachaguaje? Maswali ya wadau yako chini

Habari za majukumu wadau. Kila wiki kuna mtu ananiuliza "nichukue core i7 au i5" (aina za prosesa, yaani ubongo wa kompyuta), nikimuuliza faili lako kubwa kuliko yote lina ukubwa gani ananyamaza kimya. Leo tulimalize hapa hapa. Hili ni la watu wa uhasibu, ukaguzi, maafisa mikopo wa SACCOS na wachambuzi wa fedha, wale ambao ikifika mwisho wa mwezi feni inalia mpaka jirani anageuka, na wakati huo huo jioni unataka kuangalia marudio ya mechi ya Coastal Union au muvi bila kununua mashine ya pili.

HATUA YA 1: Pima kazi yako kwanza

Si kila kazi ya fedha ni nzito jamani, tusitishane. Mahesabu ya duka pale Ngamiani, Tanga, ritani za VAT, bajeti ya shule, ratiba ya marejesho ya mkopo, hizo laptop ya kawaida kabisa inamaliza. Chukua hatifungani ya Tanga UWASA (mamlaka ya maji ya Tanga) ya 2024, ni ya miaka 10, hata ukiipigia riba mara mbili kwa mwaka unapata mistari 20 tu, sasa hapo mashine ya kutisha ya nini? Uzito unaanza pale unapovuta miamala ya miaka mitatu kutoka kwenye mfumo, inashuka mistari laki nne, kila mstari una VLOOKUP (fomula ya kutafuta data kwenye jedwali jingine), juu yake pivot (jedwali la muhtasari), juu yake tena Power Query inayounganisha mafaili ya matawi yote. Shiti moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576 basi, ila mashine dhaifu itaganda zamani sana kabla hujafika huko.

Kwa hiyo panga mafaili yako kwa ukubwa, chukua lile linalokutesa kuliko yote, weka kopi kwenye flashi. Kwenye hiyo kopi futa majina ya wateja na namba za akaunti, maana kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na wewe huna sababu ya kupeleka siri za watu kwenye kompyuta ya dukani. Hilo faili ndo mtihani wa kila laptop utakayoonyeshwa.

HATUA YA 2: Prosesa, soma namba achana na stika

Hapa ndo watu wanapigwa mchana kweupe. Stika imeandikwa Core i7, muuzaji anaigonga gonga kwa kidole, wewe unaona umepata. Sasa angalia hii: i7-7600U ina kori 2, na i5-8350U ina kori 4. Kori ni kama vibarua shambani, wawili na wanne hawalimi sawa hata kama wale wawili wamevaa fulana za bei. Namba za mwanzo baada ya dashi ndo jenereshoni, 7600 ni ya 7, 8350 ni ya 8, 1135G7 ni ya 11. Herufi nazo zina maana, U inakula umeme kidogo na betri inadumu, H ina nguvu zaidi ila joto nalo linapanda.

Jenereshoni ya 8 naiweka kama mstari wa chini, usishuke hapo. Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia huko kwa kawaida, na Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, sasa mtu anayeshika hela za watu hawezi kukaa kwenye mfumo usiopata masasisho ya ulinzi. Kama mfuko unaruhusu nenda ya 11 kupanda, au Ryzen 5 za AMD za 5000 kupanda, nazo ni nzuri sana, watu wa huku wanaziogopa bure.

Kingine, Excel inagawa fomula nyingi kwa kori zote ila makro za VBA (programu ndogo za kuendesha kazi zenyewe ndani ya Excel) zinakimbia kwenye kori moja, hivyo kama kazi yako ni makro tupu, wingi wa kori hautakuokoa, tafuta prosesa mpya yenye spidi.

HATUA YA 3: RAM na diski

RAM, ile kumbukumbu ya muda mashine inapofanyia kazi, anza na GB 16. Ukiwa mtu wa Power Query na Power Pivot (zana ya Excel ya kuchambua data kubwa) weka 32. GB 8 ni ya kuandika barua.

Ila kabla hujalaumu RAM, fungua Excel, nenda File, Account, About Excel, soma juu pale imeandikwa 32-bit au 64-bit. Ile ya 32-bit haivuki GB 4 hata ukiijazia RAM ya dunia nzima, kuna watu wanahangaika kuongeza RAM kumbe tatizo ni hili dogo.

Uliza pia kama RAM inaongezeka. ThinkPad T480 ina nafasi mbili, unafungua chini unachomeka. X1 Carbon na MacBook Air imegandishwa kwenye bodi, ulichonunua ndo hicho hicho mpaka unaiuza.

Diski ni SSD (isiyo na sehemu inayozunguka), ikiwa NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, raha zaidi, GB 512 inatosha kazi na picha za familia. Diski ya kuzunguka usiiguse hata wakikupa ofa.

HATUA YA 4: Skrini na kibodi

Skrini iwe 1920 kwa 1080, mitumba mingi bado ina 1366 kwa 768 na hapo trial balance (urari wa hesabu) unaiangalia kwa tundu. Laptop za inchi 15.6 nyingi zina namba pembeni, ukichukua ya 14 nunua kibodi ndogo ya namba ya kuchomeka. Na angalia herufi zenyewe, za kutoka Ujerumani Y na Z zimebadilishana nafasi, za Uingereza @ iko kwingine, unazoea lakini siku za mwanzo utatukana.

HATUA YA 5: Pale kaunta, usione aibu

Chomeka flashi, fungua faili, bonyeza Ctrl+Alt+F9 ili Excel ihesabu kila kitu upya, huku umefungua Task Manager pembeni unaangalia prosesa na RAM zinavyopanda. RAM ikigonga juu na diski ikaanza kusaga, mashine haikutoshi, aga kwa heshima. Ikipita, chomoa chaja na urudie. Kuna laptop chaja ikitoka tu spidi inaanguka nusu, au inazima kabisa puu, muuzaji anaanza "ilikuwa haijachaji bosi".

Betri usiulize mdomo wa mtu. Fungua Start, andika cmd, ikifunguka andika powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti. Tafuta Design Capacity na Full Charge Capacity. Ukikuta ya kwanza 48,000 na ya pili 29,000 maana yake betri imebaki kama asilimia 60, hapo unashusha bei au unadai betri nyingine. Kwa huku kwetu umeme unavyocheza, betri ndo UPS yako, yaani umeme wa akiba ukikatika.

Mwisho washa upya ukiwa unabonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, uone kama BIOS (mpangilio wa mashine kabla Windows haijawaka) inadai nywila. Halafu mwombe airisetie Windows ikiwa na intaneti mbele yako. Ikirudi na jina la kampuni ya Ulaya inayokukaribisha kazini, hiyo mashine bado ina mwenyewe, iache hapo hapo hata kama bei inatia huruma. Bila hivyo unabeba laptop ya waja leo waondoka leo.

HATUA YA 6: Joto na chumvi

Wa Raskazone na wote mlio karibu na bahari, usiiache dirishani usiku kucha, hewa ya chumvi inakula soketi. Feni isafishwe vumbi, mashine ikipata moto inajipunguza spidi yenyewe na wewe unadhani ni virusi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Pongwe: Mkuu kuna jamaa ananiuzia ya gemu, ina kadi ya picha ya GB 6, si itakimbiza Excel balaa?
Jibu: Kaka, hesabu za Excel hazipiti kwenye kadi ya picha. Itakimbia kwa sababu prosesa zake nyingi ni H, siyo kwa sababu ya kadi. Utabeba mzigo mzito, chaja kama tofali, betri inaisha mapema. Kama hauchezi gemu hela hiyo weka kwenye RAM.

Mdau wa Mikanjuni: Kaka mimi napenda MacBook kwa ajili ya betri, nipo ukaguzi.
Jibu: Dada betri kweli hailinganishwi. Ila Power Pivot kwenye Excel ya Mac haipo, Tally, ule mfumo wa uhasibu, nayo ni ya Windows. Kama ofisini wanakupa mashine ya kazi na hii ni ya nyumbani, chukua. Kama ndo hiyo hiyo ya kukulisha, hapana.

Mdau wa Muheza: Nina laki nane tu mjomba, nifanyeje?
Jibu: Tafuta mtumba wa daraja la ofisi, ThinkPad T480, Latitude ya Dell au EliteBook ya HP za jenereshoni ya 8, hata ikija na GB 8 poa ilimradi nafasi ya kuongeza ipo, mwezi ujao unaongeza. Usichukue mpya ya dukani ya bei hiyo, zile nyingi zina prosesa dhaifu za Celeron, inang'aa kwa nje tu.

Mdau wa Chumbageni: Watoto wanaitumia kwa homuweki na katuni, kuna shida?
Jibu: Watengenezee akaunti yao isiyo ya msimamizi, yako iwe na nywila, na washa BitLocker (kufuli la diski la Windows) kama una Windows Pro. Ile funguo ya kufungulia iandike uitunze nje ya laptop, ukiipoteza faili umeaga.

Mdau wa Korogwe: Nimeangalia sasa hivi ni 32-bit kweli, naibadilishaje?
Jibu: Haibadilishwi juu kwa juu bosi, unaondoa Office yote halafu unaweka ya 64-bit kwa akaunti ile ile. Ila kabla hujaondoa kagua makro za zamani, zenye mstari wa Declare usio na neno PtrSafe (linaloonyesha kodi iko tayari kwa 64-bit) zitagoma, kwa hiyo usifanye hii kazi wiki ya kufunga mwezi.