SOMO: Mistari myeusi ya sinema bila kukata kilemba cha mtu

Wakuu, leo ni ile mistari myeusi ya juu na chini. Natumia DaVinci Resolve ya bure (programu ya kuhariri video), na video ni 1920 kwa 1080.

Kwanza hesabu. Umbo pana la sinema ni 2.39, yaani upana ni mara 2.39 ya kimo. Gawa 1920 kwa 2.39, unapata 803 na ushee. Chukua 804, maana H.264 (mfumo wa kubana video) inataka namba shufwa. Zinabaki pikseli 276: 138 juu, 138 chini. Robo ya picha imekwenda hivyo!

Kwenye ukurasa wa Edit, bofya Timeline pale juu, shuka hadi Output Blanking, chagua 2.39. Mistari imeingia kazi nzima. Wengi huishia hapa, na ndipo wanapoharibu.

Pitia klipu moja moja. Niliwahi kukabidhi video ya harusi ambayo mama wa bwana harusi, na kile kilemba chake cha dhahabu kilichopanda kama mnara, alionekana kuanzia kwenye nyusi. "Kilemba changu umekipeleka wapi, mwanangu?" Nilikosa pa kujificha. Dawa yake: bofya klipu, fungua Inspector (paneli ya mipangilio ya klipu), nenda Position, badili Y. Namba chanya inapandisha picha, hasi inaishusha. Kilemba kilirudi kwa -90. Usivuke 138 upande wowote, la sivyo mstari mmoja utanenepa kuliko mwenzake.

MASWALI

– Mkuu, kwenye simu yangu naona weusi pande zote nne. Nimekosea wapi?

Hujakosea, ni umbo la simu. Kioo cha 2400 kwa 1080 ni kipana kuliko video yako, kwa hiyo kinaongeza weusi wa pikseli 240 kulia na kushoto, juu ya ule uliouweka mwenyewe. Kama watazamaji wako ni wa simu, ondoa Output Blanking, weka taimlaini iwe 1920 kwa 804, kisha chagua picha ijaze fremu kwa kukatwa. Ikifika kwenye kioo hicho itatanuka hadi 2400 kwa 1005. Weusi unabaki uzi tu.

– Tafsiri niliyoandika chini imemezwa na mstari.

Output Blanking hufunika na maandishi pia. Ukitaka maneno yakae juu ya weusi, iondoe, kisha tengeneza picha ya PNG yenye mistari miwili ya 138 na katikati wazi. Iweke treki ya pili, maandishi ya tatu.

– Mimi nina CapCut ya simu tu, kaka.

PNG hiyohiyo, iweke kama overlei (safu ya juu ya video), ivute hadi mwisho wa video.

– Yule mama alikulipa?

Alilipa, dada. Baada ya kukiona kilemba.