Kuiandaa PostgreSQL Ibebe Mabilioni ya Vipimo vya Visima

Tuseme umepewa kazi ya kukusanya vipimo vya maji kutoka visima 500 vilivyotawanyika katika wilaya za Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa mkoani Dodoma, na kila kisima kinatuma kipimo kimoja kila dakika. Hiyo ni mistari 720,000 kwa siku na zaidi ya milioni 262 kwa mwaka. PostgreSQL, hifadhidata ya programu huria, inaweza kuubeba mzigo huo kwenye seva moja ya kawaida, mradi uipange kabla jedwali halijanenepa.

Anza na hesabu. Kila mstari hubeba baiti 24 za kichwa (taarifa za ndani za hifadhidata) na baiti 4 za kielekezi kinachoonyesha mstari ulipo, kabla hujaandika chochote. Ukiongeza wakati, namba ya kisima na lita, unafika baiti 52, yaani GB 14 hivi kwa mwaka bila faharasa, yaani orodha za kuharakisha utafutaji. Hesabu hii ifanyike kwa kalamu na karatasi kabla ya kuomba fedha za seva, kwa kuwa mara nyingi huonyesha kwamba tatizo si ukubwa wa diski bali ni namna jedwali lilivyojengwa.

Kisha ligawe jedwali katika vipande, kila mwezi kipande chake, jambo ambalo toleo la 10 la mwaka 2017 lililirahisisha sana:

CREATE TABLE vipimo (
  wakati timestamptz NOT NULL,
  kisima_id integer NOT NULL,
  lita double precision
) PARTITION BY RANGE (wakati);

CREATE TABLE vipimo_2025_01 PARTITION OF vipimo
FOR VALUES FROM ('2025-01-01 00:00+03')
TO ('2025-02-01 00:00+03');

Usisahau kuandika ile +03, yaani saa za Afrika Mashariki. Seva ikiwa imewekwa kwenye UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, mwezi wako utaanza saa tisa usiku wa Dodoma, na vipimo vya kabla ya hapo vitaangukia mwezi uliopita. Wapo wanaotamani kugawa kwa wilaya. Mimi sishauri, kwa sababu data huzeeka kwa wakati, na siku ya kuondoa ya zamani utajikuta unaipekua kila wilaya.

Hapo ndipo faida kubwa ilipo. Niliwahi kufuta vipimo vya miaka miwili kwa DELETE, amri ya kufuta mistari. Seva ilihangaika usiku kucha, na asubuhi diski ilikuwa imejaa vilevile. DELETE huacha mistari mfu ndani ya faili, na VACUUM ya kawaida, yaani amri ya usafi, huisafisha nafasi hiyo ili itumiwe na mistari mipya, lakini kwa sehemu kubwa hairudishi kwenye diski. Kwa jedwali lililogawanywa, unachukua nakala ya mwezi husika kwa pg_dump, programu ya kuhifadhi nakala, kisha amri moja ya DROP TABLE inaondoa faili zake papo hapo.

Kila swali linalouliza vipimo litaje wakati, la sivyo hifadhidata itapekua miezi yote. Hakikisha kwa EXPLAIN, amri inayoonyesha jinsi swali litakavyotekelezwa. Weka faharasa ya kisima_id pamoja na wakati. Kwa maswali ya kipindi kirefu ongeza BRIN, aina ya faharasa ambayo ni ndogo sana kwa sababu hutunza tu thamani ya chini na ya juu ya kila fungu la kurasa (vipande vidogo vya faili), ingawa hudhoofika pale visima vyenye mtandao hafifu vinapotuma vipimo vya zamani kwa mkupuo. Pandisha shared_buffers, kumbukumbu ambayo PostgreSQL huitengea data inayotumika mara kwa mara, kutoka MB 128 za kuanzia hadi robo ya RAM, na ingiza data kwa mafungu ukitumia COPY, amri ya kuingiza mistari mingi kwa pamoja.

Seva moja ikizidiwa kweli, kiendelezi cha Citus kitagawa data kwenye seva kadhaa kwa kufuata kisima_id.

Mwisho, panga cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, itengeneze vipande vya miezi mitatu ijayo, kwa maana kipande kisipokuwepo tarehe mosi, kila kipimo kitakachoingia kitakataliwa.