Jinsi ya kujua msimamo wako kuhusu pombe chuoni kabla wenzako hawajakupangia

Ukiingia chuo unaona kama hosteli nzima inapiga vyombo kila wikendi, na kama hujajiuliza mapema unataka nini utajikuta umeshika glasi kwa sababu tu unaona aibu kukaa mikono mitupu. Kwa hiyo siku ambayo hakuna pati kaa peke yako, chukua simu uandike: mimi nikinywa natafuta nini? Kuondoa aibu? Kusahau stresi? Au naogopa kuachwa na kundi? Andika ukweli, hakuna atakayesoma. Ila jibu likiwa stresi au kutafuta usingizi, ongea na mtu unayemwamini au mshauri wa wanafunzi mapema, maana hapo pombe umeshaigeuza dawa na haitibu.

Halafu usidanganywe na macho. Mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller walichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, wakakuta wanafunzi walikuwa wanaamini wenzao wameridhika na ulevi wa pale chuoni kuliko wao wenyewe. Yaani mnajaa chumbani, kila mtu anajiona yeye tu ndo ana wasiwasi, basi wote mnanyamaza. Na inaeleweka, aliyelewa chakari kesho chuo kizima kinamsimulia, aliyekunywa soda akaenda kulala nani atamtaja? Muulize rafiki mmoja mkiwa wawili tu, siyo kwenye grupu, "hivi we unayapenda kweli haya mambo?" Mi naamini hilo swali linasaidia kuliko semina nyingi.

Msimamo ukishaupata uutafutie maneno. Kama hunywi sema "mi situmii" basi, usijieleze, maana ukisingizia dozi wiki ijayo watakuuliza umemaliza. Kama unakunywa panga idadi kabla hujatoka, kula kwanza, na usikubali mtu akuongezee glasi haijaisha sababu hesabu inapotea hapo hapo. Ini linamaliza takriban kipimo kimoja cha kawaida cha pombe kwa saa (kama bia moja ndogo, siyo glasi kubwa iliyojazwa), kahawa na maji baridi haviliharakishi. Na mwenzako akikataa mara moja imetosha, kumng'ang'aniza ni kumvunjia heshima.

Sasa hili naomba mlishike: mtu akizima msimwache "alale itaisha", pombe iliyoko tumboni bado inaingia kwenye damu hata kama kalala. Mlazeni ubavu asipaliwe na matapishi, mtu mmoja abaki naye. Mkimwamsha haamki, anapumua polepole au kwa kukatakata, ngozi imepoa au midomo inabadilika rangi, pigeni simu ya dharura hapo hapo, habari za kuogopa uongozi wa chuo mtazijadili baadaye, na daktari mwambieni wazi amekunywa nini, kiasi gani, na kama alichanganya na vidonge.