Pango la Punje ya Pilipili Manga: Kukodi Ardhi ya Bustani ya Jamii England

Mkataba wetu wa kwanza hapa London ulisema pango ni punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, "ikidaiwa". Tulicheka sana. Mwenzetu wa Pemba alisema heri hawakutaka karafuu. Punje hiyo, mtakayoiona imeandikwa peppercorn, ina kazi yake: sheria ya huku hutaka kila upande utoe kitu ili makubaliano yafunge, na mahakama haiulizi kama kitu hicho kinatosha. Lakini pango dogo lisikulevye. Tuliumia kwingine kabisa.

1. Jueni ardhi ni ya nani. Masjala ya ardhi ya serikali hutoa nakala ya hati kwa ada ndogo. Msimwamini jirani anayesema "hapa ni pa halmashauri".

2. Sajilini kikundi. Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kupanga kwa jina lake. Yataandikwa majina ya wadhamini, yaani watu wachache wanaosaini kwa niaba ya wote, na deni likija, milango itakayogongwa ni yao.

3. Ombeni miaka. Halmashauri hupenda kutoa miaka 7 au pungufu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972, kifungu cha 123, huzitaka zipate bei bora zinapotoa ardhi, ila pango lisilozidi miaka 7 limesamehewa. Mkitaka 25 bado kuna njia: ruhusa ya jumla ya 2003 inaziwezesha kushusha bei kwa manufaa ya kijamii, kiuchumi au kimazingira, mradi punguzo lisizidi pauni milioni 2. Basi barua yenu isizungumzie mchicha tu. Andikeni habari za wazee wanaotoka ndani siku za bustani, na watoto wanaojifunza kupanda. Ofisa anahitaji sababu ya kuweka kwenye faili, mwandalieni.

4. Kifungu cha kuvunja mkataba. Hiki someni mara tatu. Sisi tulikuwa na miaka 5 kwenye karatasi, lakini mwenye ardhi aliweza kututoa kwa taarifa ya miezi 3. Barua ilifika Juni, nyanya zikiwa ndiyo kwanza zinatoa maua. Sheria ya 1922 ya vishamba vya kukodi (allotments, vipande ambavyo kila mpangaji hulima chake) humpa mpangaji taarifa ya miezi 12, inayoisha kabla au ifikapo 6 Aprili, ama kuanzia 29 Septemba. Bustani ya pamoja kwa kawaida haimo humo, lakini hakuna anayewakataza kuomba maneno hayohayo.

5. Gharama zilizojificha. Ulizeni nani analipa maji, bima na uzio. Kabla ya kusaini, pigeni picha kila kona, pimeni udongo kama una madini ya risasi, kisha ambatisheni majibu kwenye mkataba. Vinginevyo mtadaiwa kusafisha uchafu wa kiwanda kilichofungwa kabla hamjazaliwa.

6. Saini. Pango la zaidi ya miaka 3 liwe hati rasmi yenye shahidi. Likizidi 7, lazima lisajiliwe masjala.