Jinsi ya kwenda kulitazama jengo la Tazara hata kama husafiri

Wengi tunalipita tu. Uko kwenye daladala ya Gongo la Mboto, umebanwa, foleni ya Nyerere Road haisogei, unaliona lile jengo la stesheni ya reli ya Tanzania na Zambia hapa Dar, limeandikwa TAZARA, unarudi zako kwenye simu. Siku moja shuka bana. Kituo kinaitwa Tazara hivyohivyo, na kama unatokea Buguruni au Temeke unashukia pale kwenye flyover ya Mfugale alafu unatembea kidogo.

Chagua siku ambayo treni inaondoka. Ratiba uliza kabla, inabadilika, na treni kuchelewa wala isikushangaze, kwako wewe ndo faida maana abiria watakuwepo muda mrefu, na magunia na mashangazi kaja na watoto wamelala juu ya mizigo, hapo ndo utaelewa kwanini ukumbi ulijengwa mkubwa vile. Siku isiyo na treni panapoa sana, unaangalia kwa raha, ila utajikuta peke yako na mlinzi.

Sasa huyo mlinzi. Usianze na simu, anza na salamu. Mimi nilishafutishwa picha zote sehemu moja (sio hapa) kisa nilipiga kwanza nikasalimia baadae. We nenda mbele yake useme shikamoo mzee, mimi napenda majengo ya zamani, naomba niangalie ndani na kama inaruhusiwa nipige picha mbili. Akikwambia nenda ofisini nenda, akikataa kubali, macho hayakatazwi.

Usikimbilie ndani. Simama mbali kwanza, huku uwanjani, ulione lote. Limelala kwa upana, zege tupu, mistari imenyooka, hamna nakshi wala maua ya kuchonga. Hii reli Wachina walitujengea sisi na Zambia kuanzia 1970, ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi, ili shaba ya Zambia ifike bandarini bila kupita kwa makaburu wa Rhodesia na Afrika Kusini. Kwahiyo lile jengo lilitakiwa lionekane kubwa, yani mtu akifika ajue hapa kuna serikali mbili zimeamua jambo. Ukishajua hivyo hata ule ukavu wake unaanza kuupenda, mimi ilinichukua muda.

Ndani angalia juu. Dari iko mbali, mwanga unaingia kwenye madirisha makubwa, nenda saa tatu tatu asubuhi. Kaa kwenye kiti kama abiria, robo saa tu, usikilize sauti zinavyopaa.

Ukipata ruhusa ya kufika platifomu tazama reli zenyewe. Upana wake ni milimita 1,067, reli ya kati aliyoijenga Mjerumani ni 1,000 na SGR, ile mpya ya umeme, ni 1,435, yani Dar moja ina reli tatu na behewa la huku haliingii kule. Usitoe futi kamba upime tafadhali, utaeleza mpaka jioni.

Kama bado una nguvu panda daladala ya Posta uende ukaione na stesheni ya reli ya kati, ile ambayo ujenzi wake wa njia ulianza 1905 na kufika Kigoma 1914, alafu ugeuke uitazame ya SGR hapo jirani iliyochorwa kwa umbo la tanzanite. Inapendeza, vioo vinang'aa, ila kwangu mimi Tazara bado haijapata mpinzani.

Maji nunua nje kabla hujaingia. Na usiiweke mwakani, sababu 2025 ulisainiwa mkataba na kampuni ya Kichina wa kuifufua hii reli, miaka 30, na fundi akishaingia na rangi huwa hajui kuacha.